Tuisheni ya Gredi ya 9 haizibi ufa wa Gredi ya 3

KATIKA soko la Myanga, kaunti ndogo ya Bumula, Bungoma, wazazi wenye watoto wa Gredi ya 9 wanakabiliwa na swali lile lile lililowasumbua wazazi wa darasa la nane kwa karibu miaka 40: je, mtoto aweza kupata nafasi katika shule ya sifa bila kulipiwa masomo ya ziada?

Swali hilo ni zito kwa mkulima wa miwa aliyezoea kungoja malipo ya kiwanda yanayochelewa. Gunia la mahindi linalouzwa mwezi Agosti kulipia tuisheni ndilo gunia ambalo halitakuwako mwezi Januari, mzazi atakapodaiwa karo, sare na godoro la bweni. Anayeuliza iwapo tuisheni ni ya lazima, kwa hiyo, anataka kujua shilingi zake chache azitie wapi zimfae mtoto.

Mtihani wenyewe ni mgeni. Mtihani wa Darasa la Nane (KCPE), ulioanza 1985 pamoja na mfumo wa 8-4-4, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023 na watahiniwa zaidi ya milioni 1.4. Mahali pake pamechukuliwa na Tathmini ya Sekondari Msingi (KJSEA), iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2025 na wanafunzi zaidi ya milioni 1.1. Matokeo yalitangazwa Desemba mwaka huo, na Januari 2026 kundi hilo la kwanza likaingia Gredi ya 10 katika shule za Sekondari Pevu.

Waliobuni mtaala wa umilisi (CBC) waliahidi kwamba ungepunguza ushindani wa mitihani. Hata hivyo, hamu ya shule za sifa haikuzikwa pamoja na KCPE. Zilizokuwa shule za kitaifa sasa zimo katika kundi la C1, na nyingine zote zimegawanywa katika C2, C3 na C4. Majina yamebadilika, lakini mzazi wa Bungoma anapoitaja Friends School Kamusinga au Lugulu Girls, huitaja kwa matumaini yale yale ya zamani.

Hofu yenye msingi

Haifai kuwabeza wazazi wanaokimbilia tuisheni, kwani hofu yao ina historia. Mwaka wa 2010 wanafunzi zaidi ya 700,000 walifanya KCPE, ilhali nchi nzima ilikuwa na shule 18 tu za kitaifa. Alama moja au mbili ziliweza kumpeleka mtoto mmoja shule yenye maabara na maktaba, na jirani yake shule ya kutwa isiyo na mwalimu wa fizikia.

Ushindani huo ulizua uhasama mkubwa kati ya shule za umma na za kibinafsi, hata mapema 2011 serikali ikaweka mgao wa nafasi za shule za kitaifa ili watoto wa shule za umma wasifungiwe nje.

Chanzo kingine ni msongamano. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa muda wa mwaka mmoja. Madarasa yalifurika, lakini idadi ya walimu haikupanda kwa kasi hiyo. Wenye uwezo waliwahamisha watoto wao hadi shule za kibinafsi. Wasio na uwezo huo walinunua saa: saa moja kabla ya jua kuchomoza, saa moja baada ya masomo, Jumamosi, kisha wiki kadhaa za likizo.

Walimu nao walikuwa na sababu zao. Silabasi ilikuwa ndefu na muhula mfupi. Hali ilikuwa mbaya zaidi baada ya shule kufungwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la corona na kufunguliwa kikamilifu Januari 2021, kwa kuwa mihula iliyofuata ilibanwa ili kalenda irudi mahali pake. Mwalimu aliyepewa mada za miezi mitatu azimalize kwa wiki chache hakuona njia nyingine ila kuwahi darasani alfajiri.

Kweli, lango la shule za upili limepanuliwa tangu siku hizo. Shule nyingine zilipandishwa hadhi hadi za kitaifa zikapita 100, na kuanzia 2018 serikali iliagiza kila aliyemaliza darasa la nane aingie kidato cha kwanza. Lakini nafasi za kileleni hubaki chache daima, na hapo ndipo masomo ya ziada hugeuka kuwa mashindano yasiyo na mwisho.

Yanafanana na mechi katika uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi. Mtazamaji wa safu ya mbele akisimama ili aone vizuri, wa nyuma naye hulazimika kusimama. Mwishowe uwanja mzima umesimama, miguu inauma, na hakuna aonaye zaidi ya alivyoona akiwa ameketi. Asiyeweza kusimama ndiye pekee aliyepoteza mchezo, na katika elimu huyo ni mtoto ambaye mzazi wake hana cha kulipa.

Marufuku isiyoshika

Serikali imejaribu mara kadhaa kuwaketisha watu. Mwaka wa 2008, baada ya wimbi la ghasia katika shule za upili, Waziri wa Elimu Profesa Sam Ongeri alipiga marufuku tuisheni ya likizo. Mwaka wa 2012 marehemu Mutula Kilonzo, aliyekuwa akishikilia wizara hiyo, alirudia agizo hilo kwa ukali zaidi. Mwaka uliofuata likawa sheria.

Sehemu ya 37 ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kulazimishwa kuhudhuria masomo ya likizo. Anayeivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili.

Pamoja na ukali huo, masomo ya ziada hayakukoma. Yalibadilisha jina. Mahali pengine huitwa masomo ya marudio, pengine malipo yake huitwa pesa za motisha, na pengine huhamia kanisani au sebuleni kwa mwalimu. Mzazi husemekana kuwa ameomba mwenyewe, na mwenye kuomba hawezi kusema amelazimishwa.

Kenya si ya kwanza kupitia njia hiyo. Serikali ya kijeshi ya Chun Doo-hwan nchini Korea Kusini ilipiga marufuku masomo ya kibinafsi mwaka wa 1980. Marufuku hayo yalidumu kwa namna moja au nyingine hadi 2000, Mahakama ya Katiba ilipoamua kwamba yalikiuka haki za raia. Leo Korea Kusini ni miongoni mwa nchi zinazosifika zaidi duniani kwa vituo vya tuisheni.

China nayo, mnamo Julai 2021, ilizikataza kampuni za kibiashara kuwafundisha kwa faida watoto wa shule masomo yanayofundishwa shuleni. Kampuni nyingi zilifunga milango. Lakini familia tajiri zilianza kuwaita walimu nyumbani kwa siri na kwa bei ya juu zaidi, huku za kipato cha chini zikibaki bila msaada wowote.

Funzo la nchi hizo mbili ni kwamba marufuku peke yake huificha tuisheni na kuipandisha bei, maadamu sababu iliyoizaa ingalipo. Kwa hivyo swali la kama sheria ni kali vya kutosha halimsaidii sana mzazi wa Myanga. Linalomsaidia ni hili: je, anachokinunua kina thamani gani?

Yaliyoonekana Busia na Teso

Jibu la swali hilo halihitaji kutafutwa mbali. Mwaka wa 1998 na 1999, katika zilizokuwa wilaya za Busia na Teso, ambazo zimepakana na Bungoma upande wa magharibi, shirika moja lisilo la kiserikali lilifanya jaribio katika shule za msingi 100. Shule 50 kati ya hizo zilichaguliwa kwa kura, na walimu wake wakaahidiwa zawadi iwapo wanafunzi wao wangefanya vyema katika mitihani. Zawadi kubwa zaidi zilifikia asilimia 43 ya mshahara wa mwezi wa mwalimu.

Watafiti Paul Glewwe, Nauman Ilias na Michael Kremer, ambaye mwaka wa 2019 alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi, walifuatilia matokeo. Alama za mitihani iliyofungamanishwa na zawadi zilipanda. Kwa mtazamo wa juujuu, mpango ulikuwa umefaulu.

Watafiti walipochungulia darasani waliona picha nyingine. Walimu hawakuhudhuria kazini zaidi ya awali. Hawakutoa kazi nyingi zaidi za kufanyia nyumbani, wala hawakubadilisha namna ya kufundisha. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kuwatayarisha watoto kwa mtihani. Watoto hao hao walipopewa mtihani mwingine usiohusiana na zawadi, ubora wao haukuonekana. Na mpango ulipokwisha, faida yake iliyeyuka.

Haya ndiyo maelezo ya wazi kabisa ya kile mzazi anachopata anapolipia mazoezi ya maswali ya mtihani. Hadanganywi moja kwa moja, kwa sababu alama huweza kupanda. Lakini alama hizo zimefungwa kwenye karatasi moja na siku moja. Mtoto anayefika Gredi ya 10 kwa alama za namna hiyo anafika akiwa na nafasi, bila maarifa ya kuitumia nafasi yenyewe.

Je, nafasi hiyo ina uzito gani? Hapa pia upo utafiti unaostahili kusomwa polepole. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, katika makala yaliyochapishwa 2014, waliwalinganisha wanafunzi waliofanya KCPE na kuponea chupuchupu kuingia shule za kitaifa na wengine waliozikosa kwa alama chache mno. Makundi hayo mawili yalikuwa ya watoto wenye uwezo ulio sawa; kilichowatenganisha ni bahati ya alama moja au mbili.

Miaka minne baadaye matokeo yao ya Kidato cha Nne (KCSE) yalikaribiana. Watafiti hao hawakupata ushahidi wa maana kwamba shule ya kitaifa ilimwongezea mtoto huyo wa mpakani alama katika KCSE. Sifa kubwa ya shule hizo, walisema, ilitokana zaidi na aina ya watoto waliochaguliwa kuingia humo.

Hayo hayamaanishi kwamba shule zote ni sawa. Maabara ni maabara, na mtoto anayesomea chini ya paa linalovuja ana haki ya kulalamika. Shule ya sifa pia humpa mwanafunzi marafiki na majina yatakayomfaa ukubwani. Lakini kwa mzazi anayetaka kuuza ng'ombe ili mtoto avuke mstari kwa alama mbili, utafiti huo unamwambia afikiri mara ya pili.

Ufa ulipo

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika elimu ya Kenya ufa hautokei Gredi ya 9. Hutokea mapema, na hauonekani kwa sababu hakuna mtihani mkubwa wa kuufichua.

Shirika la Uwezo, lililoanza kuwapima watoto nyumbani kwao mwaka wa 2009, lilizishtua familia nyingi kwa ripoti zake za mwanzo. Takriban watoto watatu tu kati ya kila 10 wa darasa la tatu ndio walioweza kufanya kazi ya kiwango cha darasa la pili. Wengine wote walikuwa wakipandishwa darasa mwaka hadi mwaka huku wakiubeba mzigo wa yale ambayo hawakuyaelewa.

Ongeza juu ya hayo suala la lugha. Mtoto wa Myanga hukua akizungumza Lubukusu nyumbani, au Kiteso kwa familia nyingine za upande wa mpakani. Kiswahili hukisikia sokoni na stendi ya bodaboda. Kiingereza hukutana nacho zaidi shuleni, nacho ndicho lugha ya maswali ya hisabati na sayansi. Ikiwa hakujifunza kusoma kwa ufasaha katika gredi tatu za kwanza, kila somo linalofuata huwa ni mtihani wa lugha kwanza.

Mtoto kama huyo akifika Gredi ya 9, mazoezi ya alfajiri humfundisha kukariri majibu ya maswali asiyoyasoma vizuri. Kasoro ina umri wa miaka sita, na fundi ameitwa wiki ya mwisho.

Kwa bahati njema, Bungoma yenyewe imewahi kuonyesha njia iliyo bora. Mwaka wa 2005 na 2006, katika wilaya za wakati huo za Bungoma na Butere-Mumias, shule 140 za msingi zilipewa fedha za kuajiri mwalimu mmoja wa ziada wa kandarasi kwa ajili ya darasa la kwanza. Madarasa hayo yalikuwa na watoto zaidi ya 80 kwa wastani. Yakagawanywa mara mbili.

Katika baadhi ya shule watoto waligawanywa kiholela. Katika nyingine waligawanywa kwa kiwango chao cha wakati huo, wanaoelewa haraka upande mmoja na wanaohitaji muda upande mwingine. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walipowapima baada ya miezi 18, waliona kwamba waliogawanywa kwa kiwango walikuwa mbele ya wale waliochanganywa, na faida hiyo iliwafikia wote, wenye kasi na wasio na kasi. Mwaka mmoja baada ya mpango kumalizika, faida ilikuwa bado ipo.

Jambo jingine lililojitokeza ni kwamba watoto waliofundishwa na walimu wa kandarasi, waliolipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwalimu wa serikali, walifanya vizuri zaidi. Walimu hao walipatikana darasani wakifundisha mara nyingi zaidi.

Mfano wa India unaelekea upande huo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika miji ya Vadodara na Mumbai, shirika la Pratham liliwaajiri wasichana wa mtaani kuwafundisha watoto waliobaki nyuma, saa mbili kila siku, ndani ya saa za shule na bila malipo. Walifundishwa kusoma na kuhesabu tu. Watoto waliokuwa chini kabisa ndio waliopiga hatua kubwa.

Ukiweka jaribio la Busia na Teso kando ya lile la Bungoma, tofauti haimo katika wingi wa saa. Yote mawili yalimwongezea mtoto msaada. Moja lilimwongezea mazoezi ya mtihani wa mwisho, faida ikapotea. Jingine lilimkuta mwanzoni, katika kiwango chake mwenyewe, faida ikabaki.

Hesabu mpya ya alama

Mfumo mpya wa kuwapanga wanafunzi unalitia nguvu wazo hilo, ingawa huenda wazazi wengi hawajaliona. Chini ya KCPE, mtihani wa siku chache ulikuwa kila kitu. Chini ya utaratibu uliotumiwa kwa kundi la kwanza la Gredi ya 10, KJSEA inachukua asilimia 60 ya alama. Asilimia 20 hutoka katika tathmini ya Gredi ya 6 (KPSEA), na asilimia 20 nyingine katika tathmini zinazofanywa shuleni Gredi ya 7 na ya 8.

Maana yake ni kwamba mtoto anapoingia Gredi ya 9, asilimia 40 ya alama zake zimekwisha kuandikwa. Hakuna tuisheni ya Agosti inayoweza kuzigusa. Anayengoja mwaka wa mtihani ndipo aanze kuhangaika, ameanza mbio akiwa nyuma.

Aidha, kila mwanafunzi huchagua mkondo wa masomo: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Huchagua pia orodha ya shule 12, tisa za bweni na tatu za kutwa. Uteuzi wa busara wa mkondo na shule unaweza kumfaa mtoto kuliko wiki tatu za mazoezi, nao haugharimu shilingi hata moja. Mzazi anayejaza orodha hiyo kwa majina makubwa matupu, bila kutazama shule iliyo karibu inayofundisha mkondo anaouweza mtoto, ameipoteza nafasi hiyo.

Hata hivyo, utaratibu huo una hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba tuisheni itateremka. Kwa kuwa KPSEA sasa ina uzito, kuna kishawishi cha kuwarauka watoto wa miaka 11 kama walivyoraushwa kaka zao wa darasa la nane.

Hatari ya pili ni nyeti zaidi. Tathmini za Gredi ya 7 na ya 8 husahihishwa na walimu wa shule yenyewe. Pale ambapo mwalimu anayetoa alama ndiye pia anayepokea pesa za masomo ya ziada, mzazi hawezi kuwa huru kukataa kulipa. Hata kama mwalimu ni mwadilifu, mzazi atahofu. Serikali haiwezi kulinyamazia jambo hilo na wakati huo huo kutaka tathmini hizo ziaminiwe na taifa.

La kufanya

Basi, je, mtoto wa Myanga anahitaji tuisheni? Anayejua kusoma, anayehudhuria shule kila siku na ambaye mwalimu wake humaliza kazi yake hahitaji. Anachohitaji ni usingizi wa kutosha, kitabu, taa na muda wa kufanya marudio. Mzazi wake anaweza kuiweka pesa hiyo akiba ya karo bila kujilaumu, kwani karo ya mwaka katika shule ya bweni ya hadhi ya kitaifa imekuwa Sh53,554, na wapo watoto waliopata nafasi wakaikosa kwa sababu ya pesa hizo.

Aliyebaki nyuma anahitaji msaada, na hilo lisifichwe. Lakini msaada wake uanzie mahali alipokwama. Ikiwa Gredi ya 9 hajui sehemu na desimali, afundishwe sehemu na desimali, hata kama majirani zake wanafanya mitihani ya majaribio. Kumrudisha nyuma hatua mbili ndiko kumpeleka mbele.

Kwa upande wa shule, bodi za usimamizi zina uwezo wa kutenga saa moja ya mchana, ndani ya ratiba na bila malipo, kwa ajili ya watoto wa gredi za chini wasioweza kusoma. Chuo Kikuu cha Kibabii kimo ndani ya Bungoma, na wanafunzi wake wa ualimu wanahitaji mahali pa kufanyia mazoezi. Wapo pia vijana wengi waliohitimu ualimu wanaongoja ajira. Jaribio la 2005 lilionyesha kwamba kijana wa namna hiyo, akipewa darasa dogo na kazi iliyo wazi, huleta mabadiliko.

Kwa upande wa serikali, kutoa onyo kila likizo inapokaribia hakutoshi. Shule za Sekondari Msingi, ambazo tangu Januari 2023 zimo ndani ya shule za msingi, nyingi hazina maabara wala walimu wa kutosha wa sayansi na hisabati. Mwalimu akikosekana muhula mzima, mzazi atamtafuta popote, sheria iwepo au isiwepo. Dawa ya kwanza ya tuisheni ni mwalimu aliye darasani saa mbili asubuhi.

Nao wazazi wana swali moja la kuuliza katika mkutano ujao wa shule. Kwa kawaida huuliza ni wangapi walioitwa C1. Wakiuliza pia ni wangapi katika Gredi ya 3 ambao hawawezi kusoma ukurasa mmoja wa hadithi, na nani amepewa jukumu la kuwafundisha, watakuwa wameanza kuuziba ufa ungali mdogo, na gunia la mahindi la Agosti litabaki ghalani kungoja karo ya Januari.